Kila Sanduku na Mfuniko Wake

Jua lilikuwa limeshapanda, na katika uwanja wa shule ya bweni masanduku sitini ya bati yalikaa wazi, midomo juu, kama makinda yanayongoja kulishwa. Kando yake kulikuwa na rundo la mifuniko. Yote ilikuwa ya buluu, yote inang'aa kwa rangi mpya, na hakuna hata mmoja uliojua kwao ni wapi.

"Huu ni wa hili hapa," alisema Fundi Ngurumo, na kuuweka mfuniko juu ya sanduku. Upande mmoja ulizama vizuri. Upande wa pili ulibaki juu, umebetuka kama mdomo wa mtu aliyenuna. Akauondoa, akahamia sanduku la pili, kisha la tatu. Mkewe alikuwa amepiga magoti safu ya nyuma akifanya vivyo hivyo, na mdogo wake fundi alikuwa safu ya katikati, jasho likimtiririka, akizungumza na mifuniko kwa sauti ya kubembeleza.

Fundi aliitwa Ngurumo kwa sababu ya nyundo yake, ambayo mtaa mzima uliamka nayo, na kicheko chake. Kila mfuniko aliufua kwa ajili ya sanduku lake, akiujaribu na kuurudia mpaka ukae, kisha akakwaruza alama ndogo ndani ya vyote viwili ili visipotezane. Rangi ilipakwa mifuniko ikiwa pembeni, na bawaba za pini ya kuchomoka zilifungwa mwisho, siku ya kumkabidhi mwenye mali. Ndivyo alivyofanya kwa mteja wa sanduku moja na wa masanduku mawili. Sitini kwa mkupuo hakuwahi kuagizwa maishani mwake.

"Shemeji," mkewe aliita kwa sauti ya chini, "alama ziko wapi?"

"Alama zipi?"

"Mikwaruzo ya kaka yako. Ya ndani."

Yule shemeji alisimama, akajifuta uso kwa kiwiko. "Ile? Mimi nilidhani ni uchafu wa kazi. Nikasema, watoto wa watu wafungue sanduku wakute mikwaruzo, si aibu? Nikapaka rangi mara mbili ili izibe vizuri."

Fundi Ngurumo aligeuza mfuniko mmoja, akachungulia ndani. "Umeziba vizuri," alisema. "Hongera."

Mwalimu mkuu alikuwa ameshuka kutoka barazani. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, na nyuma yake walimu wawili walijikohoza ili wasicheke.

"Fundi, kuna nini hapa?"

"Hakuna neno, mwalimu. Kila sanduku na mfuniko wake, kama mume na mke. Wanatafutana tu."

"Mimi nina watoto wa kufundisha," mwalimu mkuu alisema. "Sina nafasi ya kuozesha."

Walimu walishindwa kujizuia. Mke wa fundi aliinamisha uso kwenye sanduku lililokuwa mbele yake kana kwamba anakagua kitako, na humo ndani harufu ya rangi ilimwasha macho. Hapo ndipo alipoona kwamba mumewe anacheka pamoja na walimu, kicheko cha kuazima, na hilo likamuuma kuliko kicheko chao.

Hukumu haikuchukua muda. Masanduku yarudi. Shule ingefunguliwa baada ya wiki tatu, na siku ya kuamkia kufunguliwa mwalimu mkuu angechukua mfuniko wowote, auweke juu ya sanduku lolote, nao ufunge. "Mtoto akiharibu mfuniko katikati ya muhula, nitakuita wewe uje kulala hapa umfulie mwingine? Ukishindwa, kuna mfanyabiashara wa masanduku ya plastiki ananisalimia kila siku kwa simu. Na malipo ya awali utanirudishia."

Malipo ya awali yalikuwa yamekwisha kuwa bati, na bati ndilo lile lililokuwa limekaa uwanjani midomo wazi. Ili kurudisha fedha ile ingebidi wauze mkasi mkubwa, fuawe la kupigia bati na banda lenyewe, kisha Ngurumo aende kubeba nyundo ya mtu mwingine. Alijua. Mkewe alijua. Walipakia mkokoteni, na njia nzima masanduku yaligongana huku yakitoa sauti kama ya watu wanaosengenya.

*

"Nilisema tangu mwanzo," mama mkwe, mamake Ngurumo, alisema jioni ile, akichambua mboga mlangoni. "Hii rangi ya buluu haina baraka."

"Mama, tatizo si rangi," Ngurumo alisema.

"Mngepaka kijani."

Mke wa fundi hakubishana. Alikuwa na jambo lake, na lilikuwa limemkaa rohoni tangu sokoni, ambako mwanamke mmoja muuza sabuni alimweleza kuhusu ofisi ya viwanda vidogo. Serikali, alisema yule wa sabuni, ina washauri wanaokuja mpaka kwenye karakana yako, wanaitazama kazi yako, wanakufundisha, na hulipi kitu. Mwenyewe ameshafundishwa, na sabuni yake sasa inakauka kwa siku zake bila kupasuka.

Asubuhi alikwenda bila kuaga. Aliporudi alikuwa ameandikisha majina mawili, lake na la mumewe, na alimsubiri aanze kushiba kwanza.

"Bure?" Ngurumo alisema. "Mama watoto, serikali ikikupa kitu cha bure, ukishapeana nayo mkono hesabu vidole vyako."

"Ninavyo vyote kumi."

"Wataleta mtoto wa shule, kavaa viatu vya kung'aa, aniambie mimi bati ni nini. Mimi nilikuwa nafua bati kabla mamake hajaposwa."

"Anakuja keshokutwa."

Ngurumo aliacha kutafuna. "Umeshamwita?"

"Nimeshamwita. Ukitaka kumfukuza, utamfukuza wewe. Mimi sina mdomo wa kumfukuza mgeni."

Shemeji, aliyekuwa amejiinamia sahani kwa ukimya wa mtu mwenye makosa, alisema taratibu kwamba, kwa maoni yake, ushauri wa bure ni mzuri. Walimwambia anyamaze, wote kwa pamoja, na kwa dakika hiyo nyumba ilikuwa na amani.

*

Mshauri alikuwa msichana kweli, lakini viatu vyake vilikuwa vya vumbi. Alikuwa na rula ndefu ya chuma iliyochungulia kwenye mkoba, na kabla hajaketi shemeji alikuwa ameshambatiza Bi Rula. Siku ya kwanza hakusema kitu cha maana. Aliketi juu ya debe akatazama. Wakikata, anatazama. Wakikunja, anatazama. Ngurumo alinong'ona kwa mkewe kwamba kwa kazi ile hata paka wao angeajiriwa serikalini.

Siku ya pili aliomba Ngurumo na nduguye kila mmoja afue mfuniko wa sanduku lile lile, bila kulijaribu, kwa kipimo tu. Ngurumo alitoa kamba yake yenye mafundo. Ndugu mtu alitoa kijiti.

"Kwa nini wewe kijiti na kaka yako kamba?" Bi Rula aliuliza.

"Kamba ni yake. Haazimi mtu."

"Na hicho kijiti umekipataje?"

"Nilikipima kwenye kamba. Mwaka juzi."

Mifuniko ilipowekwa mmoja juu ya mwingine, wa shemeji ulikuwa mkubwa kwa upana wa kucha. Bi Rula hakucheka. Aliwaonyesha kwa rula yake, akawaambia kwamba mikono yao ni mizuri, ila wana vipimo viwili ndani ya banda moja, na mfuniko hauna kosa ukikataa kutumikia mabwana wawili. Watengeneze kigezo kimoja cha chuma kinene, wakifunge juu ya benchi, na kila mfuniko ukunjwe juu yake. Kisha wagawane kazi: mmoja akate, mmoja akunje, mmoja apige ribiti za kuunganishia.

"Yaani nisifue sanduku zima?" Ngurumo aliuliza.

"Utafua masanduku yote. Kila moja kwa kipande chake."

"Binti yangu, hebu nikuulize. Mpishi akiambiwa wewe kata vitunguu tu, huyo bado ni mpishi?"

"Akipikia watu sitini, baba, lazima mtu akate vitunguu."

Mama mkwe alicheka kule mlangoni, na Ngurumo akageuka kumtazama kama mtu aliyesalitiwa.

Kulikuwa na mafunzo pia, asubuhi tatu, katika ukumbi wenye viti vya plastiki. Waliketi na mfyatua matofali, mshona mikoba, na yule muuza sabuni aliyekuja kurudia somo kwa sababu alilipenda. Mwezeshaji, mwanamume mpole mwenye tai fupi, aliwataka kila mmoja ajitambulishe na kutaja kosa moja la kazi yake. Mfyatua matofali alikiri kwamba matofali yake ya Jumatatu ni madogo kuliko ya Ijumaa. Mshona mikoba alikiri zipu. Ikafika zamu ya Ngurumo, kasimama wima, karatasi yenye jina lake imebandikwa kifuani kama bei.

"Mimi sina kosa," alisema.

"Basi umekuja kututembelea," alisema muuza sabuni. "Karibu sana, jisikie uko nyumbani."

Ukumbi ulilipuka. Mke wa fundi alimwona mumewe akigeuka rangi, akajua kwamba sasa ataondoka, na kwamba akiondoka hatarudi. Akainuka yeye. "Kosa letu," alisema, "ni kwamba kwetu mifuniko inachagua. Tumeizoeza vibaya, kama watoto." Wakacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa cha watu wenye watoto wao nyumbani. Ngurumo aliketi. Baada ya muda alimwinamia mkewe. "Inachagua," alirudia, na mabega yake yakaanza kutikisika.

*

Kigezo kilitengenezwa. Masanduku yote yalifumuliwa midomo na kunyooshwa upya, mifuniko ikakunjwa upya, na wiki ya pili ilipokuwa inayoyoma Bi Rula alikuja kuchanganya. Mifuniko mingi iliingia popote ilipowekwa. Lakini mmoja hapa, miwili pale, ilikataa. Si kwa upana wa kucha tena. Kwa unene wa karatasi tu. Hata hivyo pembe moja ilibaki juu, imenuna.

Bi Rula alidhani ni bati, kwamba vipande vingine ni vinene kuliko vingine. Akapima bati zima, akakuta liko sawa. Akadhani ni kigezo kimelegea. Akakikaza. Ikakataa tena. Alikaa juu ya debe lake, mara hii uso umemshuka, akakiri kwamba kosa hili hajalipata katika masomo yake, na kwamba angemuuliza mkubwa wake ofisini. Shule ilikuwa inafunguliwa baada ya siku chache.

Mke wa fundi alikuwa nyuma ya banda akichochea rangi. Alikuwa amefanya kazi na sauti ya nyundo ya mumewe kwa miaka, hata akaacha kuisikia, kama mtu anavyoacha kuisikia saa ya ukutani. Sasa aliisikia. Ndugu hao walipokezana kukunja: shemeji akimaliza mfuniko, aliuweka chini na kunyamaza. Mumewe akimaliza, aliuinua, akautazama kwa upendo, kisha akaupiga pigo moja la mwisho kwenye pembe. Ta. Ndipo akauweka chini. Pigo lile halikuwa la kazi. Lilikuwa kama mtu anavyompigapiga mtoto mgongoni kabla hajamruhusu kwenda kucheza.

Mkono wake ulisimama ndani ya kopo la rangi. Angeweza kusema pale pale. Lakini pale palikuwa na mgeni, na ndugu mtu, na mama mtu mlangoni, na mwanamume ambaye wiki moja tu iliyopita alisimamishwa ukumbini na bei kifuani. Akachochea rangi mpaka mgeni akaaga.

Alimsubiri mumewe akinawa uani. "Baba watoto, lile pigo la mwisho."

"Pigo gani?"

"Unalijua."

Ngurumo aliendelea kunawa mikono iliyokuwa imeshatakata. "Hilo ndilo mkono wangu," alisema mwishowe. "Mwingine anaandika jina. Mimi napiga pale. Ukiliondoa, kinachobaki ni bati tu, angefua yeyote."

"Sijasema wewe ni yeyote."

"Umeleta kigezo, nimekubali. Umeleta rula, nimekubali. Nimekalishwa pamoja na wafyatua matofali. Sasa mnataka na hili? Niache nini mimi, nibaki na nini?"

"Ubaki na banda," mkewe alisema. "Ubaki na nyundo yako, si ya mtu mwingine. Mimi sitaki kukuona ukiitwa 'wewe' kwenye karakana ya watu."

Ngurumo alijifuta mikono, akaingia ndani. Alikula kimya, na kimya cha Ngurumo kilitisha nyumba nzima kwa sababu hawakukizoea. Mama mkwe alimuuliza kama anaumwa. Shemeji alijitolea kuosha vyombo, jambo lililowatisha zaidi.

Kesho yake Bi Rula alipoingia, Ngurumo alikuwa amesimama kwenye benchi na mfuniko mmoja mpya, na alikuwa amewaita wote: mama, mke, ndugu. "Tazameni," alisema. Akauweka mfuniko kwenye kigezo. Ulikaa, kimya, kama maji kwenye bakuli. Akauinua. Akaupiga pigo lake moja kwenye pembe, si kwa nguvu, kwa mazoea. Akaurudisha. Pembe ya upande wa pili ikainuka.

Alikuwa ameshajaribu peke yake alfajiri, ilionekana, maana chini ya benchi kulikuwa na mifuniko mingine kadhaa iliyonuna.

Shemeji aliinama kuitazama ile pembe. Bi Rula alitazama vidole vyake. Kisha mama mkwe, ambaye alikuwa amesogea karibu ili aone, alisema, "Kumbe ni wewe, mwanangu. Na mimi siku zote hizi nailaumu buluu." Ngurumo alimtazama mamake, akafungua mdomo ili akasirike, na kilichotoka kilikuwa kicheko, kicheko chake mwenyewe, kile kikubwa kilichokuwa nusu ya sababu ya jina lake.

"Sasa mkono wangu niupeleke wapi?" alimuuliza Bi Rula alipopata pumzi. "Maana hautakubali kuacha. Naujua mimi mkono huu."

Bi Rula alifikiri kwa makini kabisa, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani. "Piga kwenye kitako cha sanduku, baba. Katikati. Pale hapagusani na kitu."

"Kitako hakilalamiki," shemeji alisema.

"Wewe nyamaza, mpakaji rangi."

*

Mwalimu mkuu alikuwa amejiandaa kuwakamata. Aliwaamuru walimu wachanganye mifuniko yote, kisha akawaita wapishi wa shule waichanganye tena. Akavaa miwani, akachomoa mfuniko kutoka chini kabisa ya rundo, akaenda nao mpaka sanduku la mwisho kabisa la safu ya nyuma. Mke wa fundi aliuona mkono wa mumewe ukikamata upindo wa shati lake mwenyewe na kulisokota.

Mfuniko uliingia. Haukupiga kelele yoyote.

Akachukua mwingine. Ukaingia. Akaacha heshima, akaanza kuchukua ovyo, akivuka safu kwa hatua kubwa, akiweka na kubandua na kuweka, huku walimu wakimfuata na mifuniko mikononi kama watu waliobeba sinia. Wapishi walianza kuhesabu kwa sauti, kisha wakaanza kushangilia kila mmoja unapokaa. Mwalimu mkuu alisimama katikati ya uwanja akihema.

"Nimetafuta kosa," alisema, "nimekosa."

"Lipo moja," alisema Ngurumo. "Lile sanduku la tatu lina alama ya kidole kwenye rangi. Ni cha ndugu yangu. Hilo hatukupata mshauri wake."

*

Muhula ulikuwa haujafika katikati simu ilipoita bandani. Wakati huo walikuwa wanamalizia oda ya shule nyingine. Bi Rula alikuwa amemleta mfyatua matofali aje ajionee, na Ngurumo alikuwa amesimama mbele ya kigezo akimfundisha. "Mpishi akipikia watu sitini," alikuwa akimwambia kwa uzito mkubwa, "lazima mtu akate vitunguu. Hilo ni jambo nililoligundua katika kazi." Bi Rula, juu ya debe, aliinua nyusi, akayaacha yapite.

Mke wa fundi alisikiliza simu, akashukuru, akaikata. "Ni shuleni. Kuna mtoto aliacha mfuniko njiani, gari la kuni limeupitia. Umekuwa chapati."

Ngurumo alikuwa ameshainuka, ameshavua aproni, mkono mmoja unatafuta kamba yenye mafundo mahali ilipokuwa ikitundikwa zamani. "Waambie wasiliguse sanduku. Naenda kulichukua sasa hivi. Nitalipima, nitalirudisha keshokutwa, na kama limepinda—"

Mkewe alikuwa amekwenda kwenye rundo la mifuniko mipya kando ya ukuta, akachukua wa juu, akaupangusa vumbi kwa kanga yake. Kijana wa bodaboda alikuwa akingoja abiria ng'ambo ya barabara. Alimwita, akampa mfuniko, akamwambia shule gani. Kijana aliuweka chini ya kwapa, akawasha pikipiki, akaondoka.

Ngurumo alibaki amesimama katikati ya banda, aproni mkononi.

"Ndiyo basi?" aliuliza.

"Ndiyo basi."

Aliutazama mlango, kisha lile rundo, lililopungua mmoja tu na bado lina mingi. Alivaa tena aproni yake, taratibu, akiufunga uzi nyuma. "Haya," alimwambia mfyatua matofali, "tulikuwa wapi?"